Mpwa wangu, panda treni ya Agawa kabla majani hayajapukutika

Mpwa wangu,

Mama yako ananiambia kila akikuuliza umetembea wapi huko Sault Ste. Marie, Kanada, unamjibu chuoni, kazini, nyumbani. Nakuandikia hadharani kwa sababu watoto wetu wengi wa Mwanza walioko ughaibuni wanaishi hivyo hivyo.

Mji unaokaa ndiko inakoanzia treni ya bonde la Agawa. Inaondoka asubuhi, inapenya msitu wa kaskazini mwa Ontario kilomita 183, inasimama bondeni kama saa moja na nusu, na jioni umerudi. Ni siku moja tu ya mapumziko.

Halafu wewe ni mtoto wa ziwa. Hilo Superior ndilo ziwa pekee la maji baridi duniani linaloizidi Victoria yetu kwa eneo: kilomita za mraba 82,000 hivi, kwa 68,800 za kwetu. Hata miamba mingi ya huko ni rika moja na haya mawe ya Capri Point uliyokuwa ukipanda utotoni. Yote yana zaidi ya miaka bilioni 2.5.

Mimi nimezeekea relini, kwa hiyo nisikilize hapa. Ukikaribia maili ya 92, weka simu chini, sogea dirishani. Daraja la mto Montreal lina urefu wa futi 1,550 na kimo cha futi 130, na limejengwa kwa kona. Ukikaa behewa la nyuma, utakiona kichwa cha treni kikitangulia juu ya nguzo za chuma. Kisha maili ya 102 mteremko unaanza: futi 500 ndani ya maili 12, mpaka chini bondeni. Reli yetu ya Tabora, iliyofika Mwanza 1928, haina mteremko wa namna hiyo. Sikiliza breki. Magurudumu yakinguruma kwa sauti moja, behewa lisistuke, ujue dereva ameiva.

Reli hiyo haikuwekwa kwa ajili ya watalii. Francis Clergue aliianzisha 1899 ivute magogo na mawe ya chuma kwa ajili ya viwanda vyake hapo mjini. Alitaka ifike Hudson Bay, ghuba ya bahari kule kaskazini. Ikaishia mji wa Hearst, 1914. Miaka minne baadaye wakaja wachoraji, akiwemo Lawren Harris, wakapewa behewa la mizigo lenye vitanda na jiko. Linaachwa kwenye njia ya pembeni, wanachora msitu, kisha treni inalivuta mbele. Hao nawaonea wivu kweli: kuamka ndani ya behewa katikati ya pori!

Nenda mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, wakati miti ile ya jani la bendera ya Kanada imegeuka nyekundu na njano. Kata tiketi mapema, maana wiki hizo watu ni wengi. Beba sweta na viatu vya kupandia. Ngazi za kwenda kutazama bonde kutoka juu zinazidi 300, na usiache kuzipanda.

Maporomoko ya Bridal Veil na Black Beaver mpigie picha mama yako. Mimi nipigie mataruma, kwa karibu, nione reli imefungwaje.

Mjomba wako,
Mwanza