Baba Askofu, tuandikie kuhusu harusi za majirani zetu

Mhashamu Baba Askofu wa Jimbo Katoliki Zanzibar,

Tumsifu Yesu Kristo.

Wakatoliki wa Unguja na Pemba tu wachache, na kadi nyingi za harusi tunazoletewa ni za Waislamu: majirani, wenzetu kazini, hata ndugu wa damu. Katekista mmoja anatuambia twende bila wasiwasi. Mwenzake anasema ukikaa kwenye nikaha umeukana ubatizo (halua ya harusini, nasikia, haimpiti).

Kwa Waanglikana Kanisa limeshasema. Mwongozo wa Ekumeni wa 1993, ule wa Vatikani kuhusu uhusiano wetu na Wakristo wa makanisa mengine, namba 136, unamruhusu Mkatoliki kuwa shahidi wa ndoa iliyofungwa ipasavyo katika kanisa lingine. Anayemsimamia rafiki yake pale kanisani kwao Mkunazini hana kosa, ila komunyo ya pale asipokee. Na Waislamu wawili wakioana, sheria yetu ya kufunga ndoa mbele ya padri na mashahidi wawili haiwabani. Ndoa yao ni ndoa. Tukikaa busatini tukanywa kahawa, wakati wa fatiha tukatulia kwa adabu, imani yetu imepungua nini?

Kazi ipo pale binti yetu anapoolewa na Mwislamu. Bila ruhusa yako ndoa hiyo ni batili, kwa kanuni ya 1086 ya Sheria za Kanisa. Ruhusa ikitoka, kanuni ya 1127 inakuwezesha pia kumwondolea sharti la kufungia kanisani, kukiwa na sababu nzito. Lakini wengi huku hawajui kama kuna ruhusa ya kuombwa; wanadhani Kanisa limekataa, basi binti anaondoka kimyakimya na sakramenti anaziacha.

Na wazazi wake je? Hakuna kanuni inayomtaja mwalikwa, ndiyo maana kila mtu anahukumu kwa kichwa chake. Mimi naona baba anayepokea posa akijua ruhusa haijaombwa ameikubali ndoa hiyo. Mama anayeinama jikoni kupika pilau ili asimpoteze mwanawe, huyo siwezi kumweka kundi moja naye. Ila rai yangu si sheria, Baba. Neno lako ndilo tunalolihitaji.

Ukurasa mmoja unatosha, wa Kiswahili chepesi, usomwe kanisa kuu la Minara Miwili, Wete na kila kigango, ukieleza pia ruhusa inaombwaje na kwa nani. Usomwe kabla ya mfunguo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, maana harusi zikianza hatupumui.

Wako katika Kristo,
Muumini wa Ng'ambo, Unguja