Taa ya injini imewaka baada ya sevisi: anzia pale fundi aliposhika

Gari limetoka sevisi jana. Limebadilishwa oili, filta na plagi, limeoshwa mpaka injini inang'aa, na leo asubuhi taa ya cheki injini imewaka. Kufika saa nne, mwenye gari keshaambiwa na watu watatu kwamba sensa imekufa, na mmoja wao ana duka la spea. Kabla hujatoa hela, uliza swali moja: kwenye sevisi ile ni nini kilifunguliwa, kilichomolewa au kilimwagiwa maji? Sensa iliyokuwa nzima mpaka jana huwa haifi kwa bahati siku ileile ya sevisi. Soketi isiyoingia hadi mwisho, mpira wa hewa uliochomoka na maji kwenye matundu ya plagi, hayo ndiyo tunayokutana nayo kila mara.

Kwanza hakikisha unaongelea taa gani. Ile nyekundu yenye alama ya birika la oili si cheki injini hata kidogo. Inasema presha ya oili hakuna. Mara ya kwanza kuwasha baada ya kubadilisha filta, inaweza kuchelewa kuzimika sekunde chache kwa sababu filta mpya bado tupu. Ikifika sekunde kumi bado inawaka, zima injini na usisogeze gari hata kama gereji iko mtaa wa pili. Chungulia chini. Mara nyingi bolti ya kumwagia oili haikukazwa, au mpira wa filta ya zamani ulibaki umeganda kwenye injini na filta mpya ikafungwa juu yake. Mipira miwili ikikaa pamoja hushika kwa muda, kisha presha inausukuma mmoja nje na oili yote inaishia barabarani. Na kiasi nacho kina kipimo chake: injini ya 1NZ, iliyo kwenye IST na Probox nyingi za cc 1500, inachukua lita 3.7 pamoja na filta, kwa hiyo galoni ya lita 4 haimwagwi yote. Pima kwa dipstiki gari likiwa sehemu tambarare, dakika tano baada ya kuzima.

Alama ya spana, au maandishi ya MAINT REQD, ni kikumbusho cha kilomita tu. Fundi alisahau kukirudisha sifuri. Hapo hakuna kilichoharibika.

Sasa cheki injini yenyewe, ya njano. Ikiwaka tuli na gari linavuta kama kawaida, endesha taratibu mpaka kwa fundi. Ikipepesa, tena gari linatetemeka, maana yake linamisi kiasi cha kuharibu masega, yaani kile kisafisha moshi kilicho kwenye ekzosi. Petroli ambayo haikuungua kwenye silinda inakwenda kuungulia kwenye ekzosi, masega yanashika joto kali na kuyeyuka. Hapo punguza mwendo, egesha, zima.

Usishangae pia taa ikisubiri siku mbili ndipo iwake. Kwa makosa kadhaa, kompyuta ya gari haiwashi taa mpaka ione kosa lilelile kwenye safari mbili zinazofuatana. Ndiyo maana gari linaweza kutoka gereji dashibodi ikiwa safi, likarudi keshokutwa, na chanzo kikawa cha siku ya sevisi.

Sensa ya hewa na mipira yake

Ukibadilisha filta ya hewa kwenye Toyota nyingi ndogo, unafungua boksi ambalo sensa ya hewa, ile inayopima hewa inayoingia injini, imechomekwa juu yake. Fundi hufanya moja kati ya mawili: anachomoa soketi ya sensa, au anainua mfuniko na waya wake ukivutika. Soketi hizo zina miaka zaidi ya kumi na tano kwenye joto. Kile kilimi cha kufungia kimekauka na kukatika, kwa hiyo soketi inakaa kama imeingia kumbe inaning'inia. Isukume kwa kidole gumba mpaka usikie "tak". Kama kilimi kimekatika, ifunge kwa zip tai huku ukitafuta nyingine.

Dalili yake kwenye mashine ya kusoma makosa ni rahisi kuitambua: kodi mbili, yaani namba za makosa, zinatokea pamoja, P0100 au P0102 ya sensa ya hewa, na P0110 au P0113 ya joto la hewa. Kipima joto kimo ndani ya sensa ileile ya hewa, kinatumia soketi hiyohiyo. Vitu viwili vikifa kwa mpigo, jua soketi iko nje. Anayekushauri ununue sensa hapo hajafungua boneti.

Kodi ya P0171, mchanganyiko mwembamba (hewa nyingi, petroli kidogo), baada ya sevisi mara nyingi ina maana hewa inaingia injini bila kupimwa. Kagua bomba la mpira kati ya sensa na throto, mlango wa hewa wa injini: klempu imekazwa? Mikunjo yake haijapasuka upande wa chini usioonekana? Kuna vimpira vyembamba pembeni ambavyo huchomolewa ili kupata nafasi ya mkono, na ni rahisi kimoja kisirudi. Mfuniko wa boksi la filta usiofungwa klipu zote hauleti kodi hii, kwa kuwa hewa bado inapita kwenye sensa, lakini unapitisha vumbi moja kwa moja kwenye silinda. Ukitaka kusafisha sensa, tumia dawa yake maalumu ya kupuliza. Usitumie ya kabureta, usiguse ule uzi mwembamba wa ndani kwa kitambaa, na iache ikauke vizuri kabla ya kuirudisha.

Plagi, koili na ile injini iliyooshwa

Kodi za P0300 hadi P0304 ni za kumisi: P0300 silinda yoyote, zinazobaki zinataja silinda kwa namba. Kama injini ilioshwa kwa mashine ya presha, usitafute mbali. Toa koili (zinazoipa kila plagi umeme) moja moja, angalia kama mpira wake una unyevu, puliza matundu ya plagi kwa kompresa, kausha, rudisha. Kuosha injini baada ya sevisi kunapendeza macho, lakini koili zinazokaa juu ya kichwa cha injini hazikutengenezwa kupigwa maji ya presha.

Pakiwa pakavu, fanya jaribio la kubadilishana. Tuseme kodi ni P0302. Hamisha koili ya silinda ya 2 ipeleke ya 3, na ya 3 ilete ya 2, futa kodi, endesha kidogo. Ikirudi P0303, koili ndiyo mbovu, nunua moja, si nne. Ikibaki P0302, rudia kwa plagi kabla hujafikiria nozeli ya kupulizia petroli. Plagi mpya nayo inaweza kuwa tatizo: iliyoanguka chini ikafunga mdomo wake, ya bandia, au isiyo ya injini hiyo. Plagi mpya yenye ringi ikikaa kwa mkono, ongeza nusu mzunguko hadi theluthi mbili kwa spana. Ukizidisha, unaharibu nyuzi za kichwa cha aluminiamu, na bili yake ni nyingine kabisa.

Nissan na throto iliyosafishwa

Hapa ndipo watu hulaumu fundi bila kosa. Tiida au X-Trail ikisafishwa throto, au betri ikichomolewa, sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inaweza kupanda na kodi ya P0507 ikaja. Kompyuta ilikuwa imejifunza kufanya kazi na throto chafu. Sasa hewa inapita nyingi kuliko hesabu yake. Inabidi ifundishwe upya. Injini iwe imepata moto wa kawaida, gia kwenye P, AC na taa zimezimwa, usukani umenyooka, betri ina volti 12.9 au zaidi. Zima injini sekunde kumi. Weka swichi ON bila kuwasha injini, subiri sekunde 3, kisha kanyaga pedeli ya mafuta mpaka mwisho na kuiachia mara tano ndani ya sekunde 5. Subiri sekunde 7. Kanyaga tena mpaka mwisho na ushikilie kama sekunde 20. Taa ya injini itapepesa, kisha itawaka tuli. Ikishatulia tu, achia mguu ndani ya sekunde 3, washa injini, iache sailensi sekunde 20. Ushike saa mkononi. Kukisia hakufanyi kazi, na wengi hurudia mara tatu nne ndipo ikubali.

Kwenye injini za Toyota zenye VVT-i, mfumo unaobadili muda wa valvu kwa presha ya oili, kodi ya kamshafti P0011 ikija baada ya kubadilisha oili, soma kopo lililotumika. Oili ya 20W-50 kwenye injini iliyoandikiwa 5W-30 inachelewa kupita kwenye valvu ndogo ya kuongoza kamshafti, ile shafti inayofungua valvu za injini.

Kusoma kodi bila mashine

Vifaa vidogo vya bluetooth vinavyouzwa bei rahisi havisomi magari mengi ya Japani ya mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kwa Toyota za aina hiyo kuna njia ya waya. Itazame soketi ya OBD, ile ya kuchomekea mashine ya kusoma kodi, chini ya dashibodi, upande wake mpana ukiwa juu: matundu 1 hadi 8 yako safu ya juu kuanzia kushoto, 9 hadi 16 safu ya chini. Swichi ikiwa imezimwa, unganisha tundu la 4 na la 13, kisha weka ON. Taa ya injini itapepesa tarakimu mbili mbili. Mapepeso matatu, kituo, kisha moja, ni 31: sensa ya hewa. 24 ni joto la hewa, 25 ni mchanganyiko mwembamba. Ikipepesa mfululizo bila kituo, hakuna kodi. Tundu la 16 lina moto wa betri muda wote, usiliguse na waya huo.

Andika kodi zote kwenye karatasi kabla ya kufuta. Fundi anayefuta kwanza na kuuliza baadaye amekupotezea ushahidi, na kama chanzo kipo taa itarudi. Ukirekebisha chanzo bila kufuta chochote, kwenye magari mengi taa huzimika yenyewe baada ya safari tatu mfululizo bila kosa kuonekana.

Na ukikabidhiwa gari ukaambiwa taa imekwisha, weka swichi ON kabla ya kuwasha injini. Cheki injini lazima iwake hapo, kisha izimike injini ikinguruma. Isipowaka kabisa, balbu imetolewa au imezibwa, na kodi zako bado zimo.