Barua kwa Mwanangu wa Zimmerman, Nairobi: Stoo Kwanza, Soko Baadaye

Mwanangu,

Marahaba. Salamu zako zimefika, na picha ya daftari lako pia imefika. Nimeikuza kwenye simu mpaka macho yakauma. Umeandika vizuri. Unga, mchele, sukari, mafuta, kila kitu na bei yake, hadi kiberiti. Halafu pale chini umeuliza mbona pesa ya chakula inakata tarehe 19 na mshahara ni mwisho wa mwezi. Jibu halimo humo. Daftari lako linaeleza kitu kiliingia kwa bei gani. Kilikaa siku ngapi, hakuna mahali pameandikwa.

Unajua nilishika funguo za stoo ya shule ya bweni mpaka nikastaafu. Bei hazikuwa kazi yangu. Zilikuwa za watu wa ofisini. Mimi nilitakiwa kujua gunia la maharagwe likifunguliwa Jumatatu linaisha lini. Likiisha kabla ya siku yake, mpishi anaitwa aeleze. Hesabu hiyo ndiyo nataka uihamishie kwenye kabati lako, maana wewe umeanza na soko, unahangaika nani anauza rahisi, na stoo hujaitazama bado.

Chukua bolpeni. Kila pakiti unayofungua, iandike tarehe hapo hapo kwenye karatasi yake: unga, sukari, majani chai, sabuni ya unga, hata mtungi wa gesi bandika kikaratasi. Ikiisha, andika tarehe ya kuisha. Fanya hivyo mwezi mzima bila kujinyima chochote. Usianze kwa kufunga mkaja, utachoka wiki ya pili na utamchosha mkwe wangu.

Nikuonyeshe kwa unga. Ugali wa watu wawili, wakala wakashiba, unachukua kama nusu kilo. Pakiti ya kilo mbili basi ni mapishi manne. Nyinyi kwa ulivyoniambia mnasonga mara tano kwa wiki, siku nyingine ni wali au chapati. Kwa mwezi hiyo ni kama kilo 11, pakiti tano na nusu; tuseme sita. Kwenye daftari zimo nane. Sisemi umeibiwa. Ukoko na kipande kilichobaki usiku kikatupwa asubuhi, hakuna anayekiandika. Tena nyinyi mna sufuria kubwa ile ya harusi, na mtu akipika kwa sufuria kubwa mkono hujaza sufuria, haujazi tumbo. Tafuta ndogo. Pita Kamukunji kwa wale mafundi wa jua kali, utapata saizi yoyote unayotaka.

Umesema shoga yako anakushauri ununue bale. Bale ni pakiti 12, kilo 24. Kwa watu wawili hiyo ni zaidi ya miezi miwili, na kwa uzoefu wangu chakula kikiwa kingi stoo hupikwa kingi. Nimeliona hilo shuleni kila muhula: wiki ya kufungua, magunia yamepangwa hadi dari, wapishi wanamwaga tu. Kama unaitaka bei ya bale, igawane na jirani siku hiyo hiyo mlangoni, kila mtu aondoke na zake sita. Na unga wa kusagisha mwenyewe usiuweke muda mrefu hata kidogo. Ule haujatolewa kiini, kiini kina mafuta, na mafuta hayo huanza kunuka mapema. Saga wa wiki mbili.

Halafu mahindi yenyewe uyajue kabla hujasaga. Yakimwagwa kwenye karai yalie kama kokoto. Yaliyo na unyevu ndiyo huvuta kuvu, na sumu yake, hiyo aflatoksini, huioni kwa macho wala haitoki kwa kupikwa. Usidhani pakiti ya dukani ndiyo kinga kamili: Novemba 2019 KEBS, shirika la viwango la Kenya, ilisimamisha chapa tano za unga kwa mpigo kwa ajili ya sumu hiyo hiyo. Mahindi ya bei ya kutupa, yenye rangi isiyoeleweka, waachie wenyewe.

Vitu vya kununua kwa wingi ni vile vikavu ambavyo mnavila kweli: mchele, maharagwe, ndengu, sukari, sabuni. Nenda Nyamakima kwa wauza nafaka siku unayokuja mjini kwa shughuli nyingine, ili nauli isiwe ya mchele peke yake. Mchele wa Mwea usinunue kilo kumi kwa harufu tu. Nunua kilo moja kwanza, upike, uonje. Mchanganyiko ni mwingi, na pishori halisi, ile yenye harufu, iliyo juu ya gunia si lazima iwe ndiyo iliyo chini. Uliza kama ni mpya au umekaa. Uliokaa hunywa maji na kujaa, kikombe kile kile kinalisha mtu zaidi. Mpya hushikana na kukuacha ukiongeza. Wauzaji wanajua tofauti hiyo na wengi wao watakuambia ukweli ukiuliza kama mtu anayejua.

Ukishaleta nyumbani, usiache gunia wazi. Siku ile ile gawanya mchele na sukari mafungu manne, kila fungu kwenye kopo lake, wiki moja moja. Kopo la wiki ya nne liweke juu ya kabati nyuma ya zile sahani za wageni. Kopo la wiki ya kwanza likiisha Alhamisi, basi Ijumaa na Jumamosi mnakula ugali au viazi. Hapo ndipo utajua kasi ya nyumba yako, na hutahitaji mimi wala daftari kukuambia.

Mafuta sasa. Umeandika "mafuta 30" mara nyingi hadi nimecheka. Kupima mafuta ya shilingi 30 kila siku ni shilingi 900 kwa mwezi, na sitaki useme kwamba watu wanaopima hawana akili. Anayelipwa jioni kwa jioni atanunua cha jioni, hana namna. Lakini wewe unalipwa mwisho wa mwezi, kwa hiyo unalipia udogo wa kipimo bila sababu. Nunua lita tatu au tano. Kisha jaza chupa ndogo ya wiki, na galoni lifungie mbali na jiko. Galoni likikaa kando ya meko, mkono huwa mwepesi, na faida yote ya jumla inaishia kwenye viazi karai.

Mboga ni habari nyingine kabisa. Hapo usinunue jumla. Mama mboga wa pale chini kwenu ndiye friji yako. Anaamka usiku kwenda soko la jumla la Marikiti, analipa mkokoteni na matatu, zinazooza ni hasara yake, na bado anakukatia sukuma ukiwa umesimama na mkoba. Ile shilingi tano unayoona kazidisha ni malipo ya kazi hiyo. Mimi kutoka hapa Majengo naenda Marikiti kwa miguu, ndiyo maana kwangu inalipa. Wewe kutoka Zimmerman utalipa nauli kwenda na kurudi, utafika saa nne bidhaa nzuri zimekwisha ondoka, na utarudi na nyanya za debe ambazo nusu zitakuwa zimepondeka Pangani. Ukitaka soko, Githurai iko hapo karibu nawe. Huko nunua vitunguu vikavu na viazi vya wiki mbili, uvitenganishe. Vikikaa pamoja huchipua haraka. Vingine mwachie mama mboga, na umsalimie vizuri. Mteja wa kila siku huongezwa dania bila kuomba.

Tena mboga ina majira, na wewe umeandika nyanya kila wiki kama wimbo wa taifa. Masika, Machi hadi Mei, mvua ikizidi nyanya huoza shambani na bei hupanda. Hapo pika mchuzi kwa nyanya moja na karoti, au tumia nazi kama bibi yako. Januari na Februari jua likiwaka, sukuma inakuwa majani matatu kwa shilingi 20, hapo ni zamu ya kabichi na ndengu. Mahindi yanayovunwa North Rift huingia sokoni kuanzia Oktoba, ndio wakati unga hupumua kidogo. Usingoje serikali ikushushie. Mwaka 2017 unga wa kilo mbili ulitiwa ruzuku hadi shilingi 90, na Julai 2022 hadi shilingi 100. Miaka yote miwili ilikuwa ya uchaguzi, utajijazia mwenyewe. Mwaka 2022 tulikuwa tunausikia kwenye redio kuliko tulivyouona dukani.

Kuhusu gesi, maharagwe ndiyo yanayokumaliza. Usichemshe nusu kilo kila mara. Loweka kilo nzima usiku, chemsha mara moja, gawanya kwenye mikebe uweke kwenye barafu. Kama friji haina nafasi, nunua githeri, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa, kwa yule mama wa kando ya barabara. Kwa watu wawili, ukihesabu gesi, mara nyingi kikombe cha yule mama ni nafuu kuliko sufuria yako. Najua bibi yako angenisuta kwa kusema hivyo. Yeye alipika kwa kuni za kuokota.

Supamaketi. Nimepiga mstari kwenye risiti yako na karibu nusu yake si chakula: sabuni, karatasi za chooni, dawa ya mbu, kitambaa cha meza. Vitoe kwenye fungu la chakula, vipe fungu lao, maana vinakufanya uone kama mnakula sana. Unga wa mahindi, mkate wa kawaida na maziwa havitozwi kodi ya VAT. Hiyo asilimia 16 imo kwenye sabuni na mengi ya mazagazaga hayo mengine. Maziwa soma mililita kwenye pakiti, maana zipo za 500 na zilizopunguzwa kidogo, zimekaa rafu moja na rangi zimefanana. Kama kuna mashine ya maziwa karibu, chukua chupa yako ukapime. Na tazama skrini ya keshia anapopitisha vitu. Kuna duka moja mjini, silitaji, bei ya rafuni na ya mezani hazijawahi kupatana tangu nianze kununua pale.

Simu nayo ni stoo, tena ina mlango mpana. Piga *334# uitishe taarifa ya M-Pesa ya mwezi, kisha ukae na mkwe wangu muisome pamoja bila kugombana. Utaona kuna chips za barabarani, soda, kuku wa usiku, vyote ni chakula na hakuna hata kimoja kilichofika kwenye daftari. Utaona pia ada. Duka lenye till, ile namba ya kulipia ya biashara, ada si yako; mtu akikupa namba yake ya simu umtumie, kuanzia shilingi 101 unakatwa. Za chini ya hapo hukatwi. Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, usiifanye ya kununulia mkate. Ina ada ya kuifungua na ada nyingine kila siku unayochelewa, na mshahara ukiingia kwenye simu deni lake linaumeza kabla wewe hujauona. Afadhali deni la duka la mtaani, yule atakukazia macho ukipita, na aibu hiyo ina kazi yake.

Mkwe wangu usimfanye mtoto. Umelalamika kwamba Ijumaa anakuja na nyama kilo mbili bila kuulizwa. Mwanamume anayerudi nyumbani na nyama si wa kulalamikiwa sana. Mpe fungu: nyama na matunda ni yake, kiasi mkubaliane, akivuka atoe kwenye chakula chake cha mchana cha kazini. Siku moja mtume Githurai peke yake na orodha. Atarudi ameongozwa na wauzaji, atakuwa amenunua embe za watu kumi, lakini baada ya hapo hatauliza tena pesa zinakwenda wapi.

Na Ramadhani usiingoje ikufikie. Kila mwaka inarudi nyuma kama siku 11, kwa hiyo haishikamani na mwezi mmoja wa mshahara. Miezi miwili kabla anza kuweka tende, unga wa ngano, sukari, kidogo kidogo, kwenye kopo la tano ambalo halina wiki. Futari mtafuturu mara nyingi kwetu na kwao, hilo nalo ni akiba, usione haya.

Mwisho wa mwezi nitumie tarehe za pakiti, si bei. Nitakuambia ni wapi panapovuja.

Mchele wako kilo tano uko kwangu kwenye ile ndoo nyeupe. Upitie kabla ya Ijumaa. Wajomba zako wa Mombasa wanafika Jumamosi asubuhi, na wakishafika mimi sitoi dhamana.

Mama yako,
Majengo