Njeri, kabla ya Jumatano

Njeri wangu, niaje?

Nimeona meseji yako ati Jumatano mwalimu anakuachia ndege uruke peke yako, nimefurahi sana, alafu usiku nikakosa usingizi juu kuna kitu sijawahi kukuambia vizuri.

Ni ile siku ya Kajiado. Julai, asubuhi ya baridi, mawingu yamekalia milima ya Ngong, mimi na mwalimu wangu tuko futi 2,500 juu ya ardhi na Cessna 172, ile ndege ndogo ya injini moja, mara mzunguko wa injini ukaanza kushuka polepole, hakuna kishindo wala moshi. Barafu ilikuwa inaganda ndani ya kabureta, pale petroli inachanganyika na hewa kabla ya kuingia kwa injini. Watu hudhani lazima nje kuwe na baridi kali, hapana, petroli ikigeuka mvuke mle ndani inapoza hewa vibaya, na hewa ya Julai huwa imejaa unyevu. Nikavuta hita ya kabureta, ile inaleta hewa iliyopashwa moto na injini yenyewe, injini ikakohoa zaidi, nikashtuka nikairudisha. Hapo ndipo nilikosea. Huko kukohoa ni barafu inayeyuka, ningeiacha tu. Kuja kuvuta tena injini haina joto la kuyeyusha kitu, propela inazungushwa na upepo.

Mwalimu akasema kwa sauti ya chini, "pua kwanza." Nikashusha, mshale wa spidi ukakaa nots 65, kama kilomita 120 kwa saa. Hapo kila futi 1,000 unazoshuka zinakupa kama kilomita mbili na nusu mbele, na kwa kimo chetu tulikuwa na dakika tatu na kitu, yeye anaita mayday kwa redio kuomba msaada, mimi natafuta mahali hakuna miti wala ng'ombe. Tukikaribia chini akaniambia nivue kiatu nikibane kwa mlango ubaki wazi, ndege ikijikunja usikwame. Tukagusa, tukarushwa, tukagusa tena, vumbi mpaka mdomoni.

Sasa wewe utakuwa chini zaidi, na uwanja wa ndege wa Wilson uko karibu mita 1,700 toka usawa wa bahari, hewa nyepesi, ndege inapanda pole. Injini ikizima ukitoka tu ranwei moyo utakuvuta urudi. Usigeuke Njeri, tafadhali. Ukikata kona kali na spidi hauna, mabawa yanaacha kubeba, na huko chini huna futi za kurekebisha. Shusha pua, tua mbele yako, kushoto kidogo ama kulia kidogo, hata ndege ikivunjika.

Nitakuwa kwa uzio toka saa moja asubuhi na ile jaketi nyekundu.

Wako,
Atieno