Boriti Kumi na Nne: Wito wa Harambee kwa Ajili ya Chuo Chetu

Assalaam alaykum, majirani, wazee wa watoto, na nyote mliowahi kukaa juu ya mikeka ya chuo hiki cha Qurani, hapa Mji Mkongwe wa Zanzibar, popote mlipo.

Masika yaliyopita, siku ya Jumatatu saa tisa za mchana, watoto wakiwa wanakariri Juzuu Amma, kipande cha dari chenye ukubwa wa meza kilianguka katikati ya chumba. Hakikumpata mtoto hata mmoja, alhamdulillahi. Maalim alikuwa ndiyo kwanza amewasogeza wadogo karibu na mlango kwa sababu huko katikati palikuwa panavuja. Tangu siku hiyo wanafunzi 62 wanasoma barazani, na mvua ikija wanakimbilia msikitini, wakabanana na wanaoswali Alasiri. Wapita njia wanacheka wakiwaona wamejipanga ukutani kama njiwa, lakini mwalimu anayefundisha huku pikipiki zinapita mbele yake hacheki.

Tulimwita fundi mzee, mmoja wa wachache waliobaki mjini wanaoijua kazi ya chokaa. Alipanda ngazi na bisibisi mkononi, akachoma boriti moja moja pale inapoingia ukutani. Ziko 31. Kwenye boriti 14 bisibisi ilizama mpaka mpini. Ajabu ni kwamba ukizigonga katikati, boriti hizo hizo zinalia kama chuma. Ni miti ya mikoko, nayo haiozi ovyo. Zimeoza vichwa tu, yaani ile sehemu iliyolala ndani ya ukuta ambayo hakuna anayeiona.

Hapo inabidi tuseme ukweli, maana anayetoa pesa zake ana haki ya kujua zilizotangulia zilifanya nini. Miaka kadhaa nyuma, kamati hii hii, kwa nia njema na mfuko mtupu, iliupiga ukuta wa nje plasta ya saruji. Ilikuwa rahisi, ikakauka upesi, ikapendeza kwa Idi mbili. Kisha rangi ikaanza kuvimba, na ndani chumvi ikatokeza ukutani kama unga uliomwagika. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Ukuta wa namna hiyo hunywa maji wakati wa mvua na kuyatoa jua linapowaka. Ndivyo zilivyoishi nyumba hizi karne na zaidi kando ya bahari. Saruji iliuziba upande wa kutolea. Maji yaliyopanda kutoka ardhini na yaliyoteremka kutoka paani yakakosa njia, yakabaki ndani, yakatafuta mahali laini pa kulala. Yakapata vichwa vya boriti. Lawama ya hilo ni yetu wenyewe.

Sehemu nyingine ya lawama ina historia ndefu zaidi. Nyumba hii ni wakfu. Aliyeiweka alitaka kodi ya vyumba vya juu iendeshe chuo cha chini, na kwa miaka mingi ndivyo ilivyokuwa. Leo juu wanaishi familia tatu, na kodi yao ya mwaka mzima haifiki bei ya mabati ya paa. Anayesema tupandishe kodi aje kwanza aone wanavyoishi. Choo ni kimoja kwa familia zote tatu, bomba lake limepitishwa ndani ya ukuta na linavuja, na maji ya kupikia yanapandishwa kwa ndoo. Kumtoza zaidi mtu anayelala na beseni kando ya kitanda ni jambo ambalo ndimi zetu zimeshindwa kulitamka.

Hali hii tunashirikiana na nyumba nyingi za Mji Mkongwe. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wenye nyumba wengi waliondoka au walichukuliwa mali zao, majumba yakawa mikononi mwa Serikali, vyumba vikagaiwa watu wasiokuwa na pa kukaa. Kuwapa watu makaazi hatukulaumu. Baadhi yetu wazee wetu waliingia mjini kwa mlango huo huo. Tatizo ni kwamba kodi zilikuwa ndogo mno na matengenezo hayakuwa na mwenyewe, na nguvu za ujenzi zilielekezwa Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, kwenye yale majumba marefu ya Michenzani yaliyosimamishwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Nyumba ya chokaa haivumilii kusahauliwa. Ukiacha paa livuje misimu mitatu, wa nne unaokota mawe njiani.

Mwaka 1985 ikaundwa Mamlaka ya kuuhifadhi na kuuendeleza Mji Mkongwe. Mwaka 1994 ukaja mpango mkuu wa uhifadhi, na mwaka 2000 UNESCO ikauingiza mji huu katika orodha ya Urithi wa Dunia. Sheria inayotumika sasa ni ya 2010. Kwa mkaazi wa kawaida maana yake ni hii: hutoboi dirisha jipya, huongezi ghorofa, hubadilishi sura ya ukuta wa nje mpaka upate kibali, na vifaa viwe vya asili ya jengo. Wako wanaonung'unika. Sisi tunaikubali sheria hiyo, na lau ingefuatwa siku ile ya saruji tusingekuwa hapa leo. Ila kibali hakiji na boriti. Karatasi inayokuambia utengeneze kwa chokaa haikwambii chokaa utainunua na nini. Sera ya urithi inaangalia ukuta na sera ya makaazi inaangalia nyumba mpya. Aliyekaa nyuma ya ukuta wa zamani amesimama katikati ya meza mbili, kila moja inamwelekeza kwenye nyingine. Sisi tumezipanda ngazi za ofisi, tumeambiwa tungoje bajeti, na masika mawili yamepita.

Mji mzima uliona kilichotokea Beit al-Ajaib tarehe 25 Desemba 2020. Jumba lile, lililojengwa 1883 kwa amri ya Sultani Barghash, liliyahimili mabomu ya Waingereza ya mwaka 1896. Upande wake wa mbele ulianguka mchana kweupe, mafundi wakiwa wamo ndani wanalikarabati kwa fedha za Oman, na watu wawili wakafariki. Kama jumba lenye jina lile liliweza kuanguka mikononi mwa matengenezo, nyumba ya kichochoroni isiyopigwa picha na mgeni yeyote haina wa kuililia isipokuwa sisi.

Tulipata pendekezo jingine, na haki yenu mlijue. Alikuja bwana mmoja, mpole, na makaratasi yake safi. Alitaka tumkodishe nyumba nzima kwa miaka mingi aigeuze hoteli. Chuo angetujengea kipya nje ya mji, chenye feni na uwanja. Hatukulikataa hapo hapo. Tulikaa nalo wiki nzima, na wako wajumbe waliolipenda. Kisha bibi wa ghorofa ya pili, aliyezaliwa katika chumba hicho hicho anachovujiwa, akateremka mkutanoni akauliza, "Na mimi mtanijengea wapi?" Mkutano ukafungwa bila mtu kumjibu. Siku ya pili tukamrudishia yule bwana makaratasi yake kwa heshima.

Basi kazi ni yetu. Michoro imekubaliwa na kibali tunacho. Mafundi wataegemeza dari kwa nguzo, watazitoa boriti 14 mbovu na kuweka nyingine za mikoko zenye urefu ule ule, maana upana wa vyumba vyetu ulipimwa kwa boriti tangu siku ya msingi. Zitapakwa dawa ya mchwa, na vichwa vyake vitaachiwa nafasi ya kupumua ukutani. Saruji yote itabanduliwa kwa patasi, taratibu, na ukuta upigwe chokaa iliyolowekwa wiki kadhaa mpaka ikawa laini kama samli. Paa litaezekwa upya na kuwekewa michirizi. Bomba la choo litatolewa ukutani lipite nje kwa nyuma, na kitaongezwa choo cha pili. Hicho cha pili kilileta mabishano kwenye kamati. Wengine waliona pesa za chuo zisiende kwa wapangaji. Tukakubaliana kwamba maji yanayooza boriti za watoto yanatoka kwenye choo cha wapangaji, na ubishi ukaisha.

Gharama yote ni shilingi 36,000,000. Boriti moja, pamoja na kuisafirisha, kuipaka dawa na kuipachika, ni shilingi 180,000, kwa hiyo zote 14 ni 2,520,000. Paa na michirizi ni 9,480,000. Chokaa na ujira wa mafundi, ambao ndio mzigo mkubwa kwa sababu kazi hii haina njia ya mkato, ni 17,000,000. Mhandisi, michoro na nguzo za kuegemezea ni 3,000,000, na mabomba na vyoo ni 4,000,000. Mpaka leo tumekusanya 11,400,000, nyingi zikiwa ni za mafungu madogo ya wanawake wa mtaa, waliouza vitumbua kila alfajiri tangu mfungo mosi. Zimebaki 24,600,000.

Anayeweza kubeba boriti nzima, abebe. Ndugu wawili au wanne wakishirikiana boriti moja, majina yao yataandikwa pamoja. Mliosoma hapa na sasa mko Muscat, Dubai au London, tafadhali msitume pesa kwa mtu msiyemjua anayesema ametumwa na chuo, hatukumtuma mtu. Mpeni jamaa yenu aliyeko hapa mjini alete mkononi, achukue stakabadhi yenye muhuri, akutumieni picha yake. Mweka hazina anakaa barazani kila siku baina ya Magharibi na Isha, na daftari liko wazi. Kila Ijumaa hesabu ya wiki inabandikwa kwenye ubao wa msikiti, ya kuingia na ya kutoka, hata ya misumari.

Asiyekuwa na pesa tunamhitaji vile vile. Gari haliingii vichochoroni kwetu, kwa hivyo kila boriti na kila gunia la chokaa litashushwa barabara kubwa na kuletwa kwa mkokoteni na mabega. Vijana wenye mabega tunawaomba wajiandikishe. Tunawatafuta pia vijana wawili wa kumfuata yule fundi mzee mwanzo mpaka mwisho wa kazi, walipwe kidogo, wajifunze. Ana wanafunzi wachache, na yeye mwenyewe ndiye aliyetuomba hilo.

Haraka yetu ni ya hali ya hewa. Chokaa inataka siku kavu ili ishike, na siku kavu tulizonazo ni za kaskazi, Januari na Februari. Masika yakitukuta ukuta uko wazi, tutakuwa tumeharibu zaidi ya tulichotengeneza. Ndiyo maana harambee itakuwa Jumamosi ya kwanza ya Desemba, baada ya swala ya Alasiri, hapo hapo chuoni. Fundi atakuwepo na moja ya vichwa vya boriti alivyokata, mkitie kidole muone wenyewe.

Mlango wa mbele umeegemezwa nguzo na hautafunguliwa siku hiyo. Ingieni kwa uani, upande wa kisimani, na muiname kidogo: kizingiti kile ni cha chini, na kimeshawapiga paji la uso maalim wote wanne waliofundisha hapa.