Barua ya malalamiko: boya lilikufa, ukurasa ukaendelea kusoma

Kwa Mkurugenzi,
Idara ya Vipimo na Utabiri wa Bahari

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MAKADIRIO YA KOMPYUTA KUONYESHWA KAMA VIPIMO VYA BOYA

Mimi ni nahodha wa mashua inayopeleka marubani, yaani wanaoziongoza meli kuingia bandarini, kwenye meli zinazosubiri nje ya bandari. Kituo chetu kinalipia huduma yenu, na ukurasa wenu ndio tunaoufungua kabla ya kitu kingine chochote zamu inapoanza. Nawaandikia kwa sababu kwa majuma kadhaa mmekuwa mkituonyesha namba chini ya maneno "Kipimo cha boya, sasa hivi", ilhali boya lenyewe, lile la kupimia mawimbi lililo nje ya bandari, halikuwa likipima chochote.

Asubuhi ninayoizungumzia ukurasa ulisoma kimo cha mawimbi mita 1.4, sekunde 7 kati ya wimbi na wimbi. Kwa bahari ya namna hiyo tunatoka bila mjadala. Ndani ya bandari maji yalikuwa shwari. Tulipofika mlangoni, pale kina kinapopungua, mawimbi yakaanza kusimama mbele yetu, mapana na mazito, yenye nafasi kubwa kati ya moja na jingine. Tukavuka, tukafika ubavuni mwa meli. Rubani akashika ngazi ya kamba, akainua mguu, na papo hapo mashua ikazama chini yake zaidi ya kimo cha mtu. Akabaki ananing'inia. Wimbi lililofuata liliirudisha mashua juu kwa nguvu, na lau asingewahi kupanda vidato viwili vitatu, miguu yake ingebanwa kati ya mashua na bamba la meli. Baharia aliyekuwa akimsaidia alirushwa kwenye reli, akavunjika kifundo cha mkono.

Tulipima kwa saa ya mkononi: sekunde 16 kati ya wimbi na wimbi. Ninyi ni wataalamu, mnajua maana yake kuliko mimi, lakini naiandika ili yeyote atakayepokea barua hii ofisini kwenu asidhani nalalamikia desimali. Katika maji ya kina kirefu, wimbi la sekunde 7 lina urefu wa mita 76 hivi kutoka kilele hadi kilele, na halianzi kuhisi sakafu ya bahari mpaka kina kifike kama nusu ya hapo. Wimbi la sekunde 16 lina urefu wa karibu mita 400. Hilo huihisi sakafu likiwa bado kwenye kina cha mita 200, na likifika mlango wa bandari limeshapunguza mwendo, limejibana na kuinuka. Bahari mbili zenye kimo kile kile huko nje zinaweza kuwa, mlangoni, moja ya kupita na nyingine ya kuua.

Usiku wake nilirudi kwenye grafu yenu. Boya halichori mstari laini. Hupima mawimbi kwa dakika kama 20, hutuma matokeo, na matokeo hayo hupanda na kushuka kidogo hata bahari ikiwa tulivu: 1.3, 1.5, 1.2, 1.4. Mstari wenu ulikuwa umenyooka kama uzi. Nikaweka utabiri wenu kando yake, nikakuta vinalingana saa kwa saa mpaka tarakimu ya mwisho. Nikarudi nyuma siku hadi siku hadi nikapapata mahali ambapo mpando na mshuko unakoma ghafla. Hapo ndipo boya liliponyamaza.

Nilipopiga simu, mhudumu wenu alikiri bila kusita. Boya limekatika mawasiliano, akasema, na mfumo hujaza pengo lenyewe ili huduma isikatike. Ndugu Mkurugenzi, kwetu huduma ilikatika siku ile ile boya lilipokatika. Mlichofanya ni kutuficha jambo hilo.

Boya kuharibika hakunishangazi, wala silalamikii hilo. Minyororo hukatika, meli hugonga maboya, mwani huota juu ya vifaa, betri huisha, na kwenda kulitengeneza kunahitaji meli na bahari ya kuruhusu. Wala sipingani na modeli zenu, zile hesabu za kompyuta zinazotoa utabiri. Nazitegemea kupanga kazi ya kesho. Utabiri wenu uliyaona mawimbi yale, isipokuwa uliyapangia kufika jioni. Nalielewa kosa la aina hiyo. Nguvu ya mawimbi ya sekunde 16 husafiri kama kilomita 45 kwa saa, siku kadhaa tangu yaache dhoruba iliyoyazaa, na kosa dogo kule mwanzoni huwa saa nyingi huku mwisho. Ndiyo sababu boya likawekwa nje ya bandari. Kazi yake ni kuukana utabiri pale utabiri unapokosea. Mkichukua utabiri na kuuita boya, hakuna tena cha kuukana, na mimi nikilinganisha viwili hivyo kabla ya kutoka, kama nilivyofundishwa, naona vinakubaliana na napata moyo wa kwenda.

Msiniambie setilaiti zinatosha kuziba nafasi hiyo. Tangu TOPEX/Poseidon irushwe mwaka 1992 zimetufundisha mengi kuhusu bahari, lakini ile, na zile za Jason zilizofuata kwenye njia hiyo hiyo, zilirudi juu ya mahali pamoja baada ya siku 10 hivi. Rubani hasubiri siku 10.

Na kusema ukweli wa kipimo si jambo geni katika fani yenu. Mradi wa Argo una vyombo vinavyoelea karibu 4,000 duniani kote, vinavyoshuka hadi mita 2,000 na kurudi juu kutuma data, na kila thamani hubeba alama ya ubora wake: 1 ni nzuri, 4 ni mbaya, 8 ni ya kukadiria, 9 haipo. Mwanafunzi anayechora ramani ya joto la bahari anaambiwa namba ipi ni ya kukadiria. Sisi tunaosimamisha mtu kwenye ngazi ya kamba hatuambiwi.

Nataka leo hii, si kwenye toleo lijalo la programu, sehemu ya boya ibaki tupu boya lisipopima, na iandikwe saa ya kipimo cha mwisho. Makadirio yakae kwenye sehemu ya utabiri, kwa jina lake. Nataka pia orodha ya maboya yenu yote ambayo mfumo umeyajazia pengo, pamoja na tarehe, itumwe kwa kila mteja anayeyatumia, maana sidhani letu ni la pekee, na kuna wavuvi na wapiga mbizi wanaousoma ukurasa huo huo. Msifute zile thamani za zamani. Zitieni alama ya makadirio, kwa sababu uchunguzi wa ajali unazihitaji.

Ada ya kipindi ambacho boya halikufanya kazi irudishwe kwa kituo chetu. Gharama za matibabu ya baharia wetu kituo kitawaandikia kwa barua yake.

Naambatanisha nakala ya grafu, ukurasa wa kitabu cha safari wa siku hiyo, na taarifa ya daktari. Nasubiri majibu ya maandishi ndani ya siku 14, yenye jina na cheo cha aliyeidhinisha mfumo huo wa kujaza mapengo. Nakala ya barua hii imepelekwa kwa mkuu wa usalama wa bandari, ambaye tangu jana ameagiza tusitoke kwa kutegemea ukurasa wenu peke yake.

Wenu,
Nahodha, kituo cha marubani