Ndege wa nyumbani kwetu nao wana misimu yao

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaombe wakazi wenzangu wa Mbeya wawatazame ndege wanaoishi nasi. Hapa Uyole, mvua za Novemba zikishakolea, mnana hushuka kwenye mgomba ulio nyuma ya jiko langu, huuma ukingo wa jani, kisha huruka akiuchana utepe mrefu mwembamba, ambao dakika chache baadaye huwa umekwisha kusukwa katika kiota kinachoning'inia. Wakati wa baridi ya Juni na Julai hapasikiki kelele hizo. Anayenifurahisha siku hizo ni chozi, anayefyonza utamu wa maua ya mgomba huohuo.

Juu yetu, Kitulo, eneo lililotangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005 na ambalo wengi huliita Bustani ya Mungu, huja kuzaliana mbayuwayu wa rangi ya buluu, ambaye idadi yake duniani inapungua. Hujenga kiota ndani ya mashimo ardhini, yakiwemo yaliyochimbwa na mhanga, yule mnyama mla mchwa, na huhitaji nyasi za asili ili apate wadudu. Msimu wake ukiisha, huelekea kaskazini hadi pande za Ziwa Victoria.

Kwa hiyo naumia sana kila kiangazi nionapo moto ukiwashwa ovyo milimani, na watoto wakiachwa na manati bila kukanywa. Wazazi wenzangu, tuwanyang'anye manati hayo, tuwaonyeshe kiota.

Msomaji wako,
Uyole, Mbeya